Geji ya Mafuta Isiyosema Kweli: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Dereva wa teksi anaingia katika kituo cha mafuta saa moja jioni, taa za gari zikiwa zimewashwa. Anaomba ajaziwe tenki. Bomba linajikata lenyewe, risiti inaonyesha lita 36, naye analipa. Anapowasha gari, mshale wa geji unapanda, unasita, kisha unatulia kwenye robo tatu. Anashuka akiwa na hasira. Kwa hesabu yake, ameibiwa robo nzima ya tenki, na mwizi ni mhudumu aliyeshika bomba.

Mhudumu anasimamishwa kazi akisubiri uchunguzi. Siku ya pili dereva anakwenda gereji, akaambiwa floti ya ndani ya tenki imekufa. Ananunua nyingine. Mshale haubadiliki. Anaambiwa basi ni geji yenyewe. Ananunua dashibodi iliyotumika. Mshale bado unaishia robo tatu. Mwishowe fundi umeme mmoja, mwenye kipimo cha umeme mkononi, anafungua boliti moja nyuma ya gari, anaikwangua kutu kwa msasa, anaikaza tena, na mshale unapanda hadi mwisho. Pampu ya kituo ilikuwa sahihi. Floti ya kwanza ilikuwa nzima. Dashibodi ya kwanza ilikuwa nzima.

Mfano huu tumeutunga, lakini sura yake haitakuwa ngeni kwa mtu yeyote anayemiliki gari. Ndani yake mna mtu aliyelipia vipuri viwili asivyovihitaji, na mwingine aliyepoteza mshahara kwa kosa asilolitenda. Hasara zote mbili zingeepukwa kwa vipimo vya nusu saa. Katika somo hili tunaeleza vipimo hivyo ni vipi, vinafuatana namna gani, na nini cha kumwuliza fundi kabla hujatoa fedha. Hatukusudii kumfanya kila msomaji awe fundi. Tunakusudia asiwe mtu wa kuambiwa tu.

Geji inavyopata habari zake

Geji iliyo mbele ya dereva haiyaoni mafuta. Inachokiona ni umeme. Ndani ya tenki mna boya dogo, ambalo mafundi wengi huliita floti, lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, boya hupanda, yakishuka, hushuka. Mwisho wa pili wa mkono huo hutelezesha ncha ndogo ya chuma juu ya kibao chenye ukinzani wa umeme. Ncha ikisogea, ukinzani hubadilika. Boya, mkono na kibao kwa pamoja ndivyo kihisi cha kiwango cha mafuta.

Kutoka kwenye kihisi waya mmoja huenda mbele hadi kwenye geji, au kwenye kompyuta ya gari ambayo ndiyo huiendesha geji. Waya wa pili ni wa ethi: huishia kwenye bodi la gari, ambalo limeunganishwa na upande hasi wa betri. Umeme hutoka kwenye geji, hupita kwenye kihisi, kisha hurudi kwa njia ya ethi. Njia hiyo nzima ndiyo saketi.

Kwa hiyo mambo manne yanaweza kuidanganya geji: kihisi chenyewe, waya unaokwenda mbele, njia ya ethi, na geji pamoja na umeme unaoilisha. Anayesema "ni floti" kabla hajapima amechagua kimoja kati ya vinne kwa kubahatisha, na gharama ya bahati hiyo ni yako.

Rudi sasa kwa dereva wetu. Katika magari mengi ya Kijapani, tenki likiwa tupu ukinzani wa kihisi huwa mkubwa, na likijaa huwa mdogo. Kutu kwenye boliti ya ethi huongeza ukinzani wake juu ya ule wa kihisi. Geji haiwezi kutofautisha ukinzani wa kutu na ukinzani wa tenki linaloelekea kuisha. Huujumlisha wote na kusema mafuta ni kidogo kuliko yalivyo. Aidha, boliti hiyo mara nyingi hutumiwa pia na taa za nyuma. Taa zikiwaka, umeme wake nao hulazimika kupita katika njia ileile mbovu, na usomaji wa geji huharibika zaidi. Ndiyo maana jioni hali ilikuwa mbaya kuliko mchana.

Kabla ya kumlaumu mwenye pampu

Geji ya gari haikutengenezwa kuwa kipimo cha biashara. Matenki hayana umbo la sanduku. Mengine yamepindapinda kupisha ekseli na bomba la moshi, hivyo robo ya juu huenda isiwe na lita sawa na robo ya chini. Magari mengine, hasa yenye tenki lililokalia ekseli ya nyuma pande zote mbili, huwa na vihisi viwili vinavyojumlishwa. Geji nyingi zimetengenezwa ziende polepole ili mshale usicheze kila barabara inapopinda. Na gari likiegeshwa mteremkoni, mafuta husogea upande mmoja, boya likafuata.

Kipimo cha biashara ni pampu, na pampu ina msimamizi wake. Hapa Tanzania Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuhakiki pampu za vituo. Unapotilia shaka ujazo, dai lako lijengwe juu ya risiti na uhakiki wa pampu; mshale wa geji peke yake hautoshi.

Ipo njia rahisi ya kujua nani kati ya pampu na geji hasemi kweli, nayo haihitaji kifaa chochote. Jaza tenki hadi bomba lijikate mara ya kwanza, kisha rudisha sifuri kihesabu cha safari. Endesha kama kawaida. Ukirudi kujaza, jaza tena hadi bomba lijikate mara ya kwanza, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Kilomita 420 kwa lita 35 ni kilomita 12 kwa lita. Rudia mara tatu au nne. Ikiwa jibu linabaki karibu na 12 kila mara huku geji ikionyesha mambo ya ajabu, geji ndiyo yenye kasoro. Ikiwa jibu linashuka ghafla kila unapojaza kituo kimoja tu, na njia zako na mizigo yako haijabadilika, hapo una hoja ya kuipeleka kwa wasimamizi wa vipimo.

Tahadhari

Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo tu. Kazi yoyote karibu na tenki ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, pasipo na sigara, jiko, mashine ya kuchomelea wala taa yenye waya uliochubuka. Hatua ya 1 hadi ya 3 hapa chini zinaweza kufanywa na mwenye gari. Zinazofuata mwachie fundi umeme wa magari, nawe usimame umbali salama ukiangalia na kuandika.

Hatua za kutafuta chanzo

Tumezipanga kuanzia isiyo na gharama hadi yenye gharama kubwa. Fundi anayeanza na ya mwisho amegeuza mambo.

1. Angalia na uandike. Kwa siku tatu, andika mshale unasimama wapi asubuhi, mchana na jioni. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, washa taa, kisha kanyaga breki. Mshale ukisogea taa zinapowaka, shuku ethi kabla ya kitu kingine chochote. Mshale unaorukaruka kwenye kiwango kimoja tu, kwa mfano karibu na nusu, huashiria kibao cha kihisi kilicholika mahali hapo. Mshale uliolala chini daima unaweza kumaanisha waya uliokatika au boya lililotoboka na kuzama.

2. Tazama geji nyingine na fyuzi. Ikiwa geji ya joto la injini nayo haisomi vizuri, tatizo huenda liko kwenye umeme unaolisha dashibodi, wala tenki halihusiki. Kukagua fyuzi ni kazi ya dakika mbili, na nafasi ya kila fyuzi huandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lake au kwenye kitabu cha gari.

3. Soma kumbukumbu za kompyuta ya gari. Magari ya miaka ya karibuni huhifadhi namba za makosa. P0460 husema kuna kasoro katika saketi ya kihisi cha mafuta. P0461 husema usomaji hauendani na hali inayotarajiwa. P0462, ishara iko chini mno. P0463, ishara iko juu mno. P0464, ishara inakatikakatika. Mara nyingi P0462 hutokana na waya uliogusana na bodi la gari, na P0463 hutokana na waya uliokatika au plagi iliyoachia. Lakini zingatia neno "saketi". Namba hizi hutaja eneo la kutafuta, hazitaji kipuri cha kununua. Fundi akikuonyesha P0463 na kusema "kompyuta imesema tubadilishe floti", kompyuta haikusema hivyo.

4. Tenganisha plagi ya tenki. Swichi ikiwa imezimwa, fundi huchomoa plagi ya kihisi, kisha huwasha swichi bila kuwasha injini. Mshale unapaswa kwenda upande mmoja hadi mwisho. Katika magari mengi ya Kijapani huenda kwenye alama ya tupu. Katika baadhi ya magari ya Marekani huenda kwenye alama ya kujaa. Kisha huunganisha kati ya nyaya mbili za plagi, upande wa gari, kikinzani chenye kiasi kinachotajwa na mtengenezaji. Mshale ukifuata kikinzani hicho, basi geji, waya wa mbele na njia ya ethi vinafanya kazi, na kosa liko ndani ya tenki. Mshale usipofuata, kosa liko nje ya tenki, na hakuna sababu ya kulifungua. Geji za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta huweza kuchukua dakika kadhaa kuitikia, kwa hiyo kipimo hiki hakitaki haraka. Aidha fundi asigusanishe nyaya moja kwa moja kwa kipande cha waya: anaweza kuunguza geji au kompyuta, na mara nyingi plagi hiyohiyo hubeba pia umeme wa pampu ya mafuta.

5. Pima ethi. Plagi ikiwa imerudishwa, swichi na taa zikiwa zimewashwa, fundi huweka kipimo cha volti kati ya waya wa ethi wa kihisi na upande hasi wa betri. Njia nzima ikiwa safi, kipimo husoma karibu na sifuri. Kikizidi takriban volti 0.1, kuna kutu, boliti iliyolegea au waya uliochakaa mahali fulani. Hiki ndicho kipimo kilichorukwa katika mfano wetu mara mbili.

6. Pima ukinzani wa kihisi. Plagi ikiwa imechomolewa, fundi hupima omu kati ya ncha mbili za kihisi na kulinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Viwango hutofautiana sana. Magari mengi ya General Motors yalitumia omu 0 kwa tenki tupu na 90 kwa lililojaa. Vihisi vingi vya Kizungu vya mtindo wa VDO huanza na omu 10 hadi 180. Vile vya kipimo cha Kimarekani vinavyouzwa kwa mashua na mashine hutoka omu 240 tenki likiwa tupu hadi 33 likijaa. Tazama kuwa baadhi hupanda na vingine hushuka. Hapa pana fundisho kwa mnunuzi wa vipuri: kihisi kinachoingia sawasawa kwenye tundu la tenki lakini chenye omu za gari jingine kitaendelea kudanganya maisha yake yote.

7. Fungua tenki, ikiwa vipimo vimeelekeza huko. Kihisi kikishatolewa, fundi auinue mkono wa boya polepole huku kipimo cha omu kikiwa kimeunganishwa. Namba zibadilike kwa utulivu bila kuruka wala kupotea. Boya litikiswe karibu na sikio: likisikika kuwa na mafuta ndani, limetoboka. Kibao chenye weusi au michirizi mirefu kimechakaa.

Mafuta yenyewe yanaweza kuharibu kihisi. Mwaka 2004 huko Marekani, katika majimbo ya kusini yakiwemo Florida na Louisiana, petroli yenye salfa nyingi kuliko kawaida iliharibu vihisi vya magari mengi, kwa sababu salfa hushambulia fedha inayotumika kwenye vibao vyake. Kwa hiyo ikiwa vihisi viwili vimekufa mfululizo kwa muda mfupi, ubora wa mafuta unayojaza ni swali la haki kabisa, na hapa nchini ni swali la kupeleka EWURA ukiwa na risiti zako.

Kwa nini usiliache tatizo hili

Wako wanaosema, "Nimezoea, najua gari langu." Hata hivyo, katika magari mengi ya petroli pampu ya umeme imo ndani ya tenki, na hupozwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Gari linaloishiwa mara kwa mara huunguza pampu, ambayo bei yake ni mbali na bei ya boliti na msasa. Gari la dizeli likikauka huingiza hewa kwenye mirija, na huenda lisiwake hadi hewa hiyo itolewe. Na gari linalozima usiku katikati ya mlima, nyuma yake kukiwa na lori, halina bei ya kutaja.

Mpaka litengenezwe, tumia kihesabu cha safari. Kama gari lako huenda kilomita 12 kwa lita na tenki ni la lita 45, usingoje kilomita 540. Jaza ukifika 350 au 400.

Mkono kwa mkono na fundi

Kabla kazi haijaanza, mwulize fundi mambo matano, nayo si matusi kwa ujuzi wake:

Umepima nini, na kipimo kimesoma ngapi?
Kitabu cha gari kinataka kisome ngapi?
Umeangalia ethi?
Gharama ya kutafuta kosa ni kiasi gani, mbali na gharama ya kutengeneza?
Nikinunua kipuri hiki na tatizo lisiishe, kitarudishwa?

Fundi mzuri huyafurahia maswali haya, kwa kuwa yanamlipa kwa akili yake na si kwa idadi ya vipuri. Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Dai risiti ya EFD kwa kipuri na kwa kazi. Kipuri cha zamani ni mali yako, ukichukue. Dereva wetu angekuwa bado na dashibodi yake ya kwanza, nzima, kama angeidai.

Ukiamini kwamba ulipotoshwa kwa makusudi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa upotoshaji katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji. Peleka karatasi, si hasira: risiti, namba zilizopimwa, tarehe, na kipuri kilichotolewa.

Haki ina pande mbili. Mtumiaji ana haki ya kutolipishwa kwa kubahatisha, na mhudumu wa kituo ana haki ya kutohukumiwa kwa mshale. Unapomtuhumu mtu mbele ya wateja wake, uwe na kitu kizito zaidi ya geji.

Jipime

Swali la 1: Mshale hushuka kila unapokanyaga breki, gari likiwa limesimama. Uanzie wapi?
Swali la 2: Plagi ya tenki imechomolewa na kikinzani sahihi kimewekwa, mshale umefuata. Je, dashibodi inunuliwe?
Swali la 3: Umejaza tenki, geji imeishia robo tatu, lakini kwa mara nne mfululizo umepata kilomita 12 kwa lita kama zamani. Nani mwenye kosa?

Majibu: La kwanza, anza na ethi, kwa kuwa taa za breki na kihisi huenda vinatumia njia moja ya kurudishia umeme. La pili, hapana. Geji imethibitika kuwa nzima, na kosa limo ndani ya tenki. La tatu, geji au saketi yake. Mhudumu wa pampu aachwe afanye kazi yake.